Shanga Hazigandi, Kidonge Kinapasuka: Kutafuta Chanzo Unapotengeneza Dawa za Kuachia Polepole

Mwanafunzi wa famasia hapa Mombasa akilalamika kwamba alginati yake "ni mbovu", swali la kwanza la kumuuliza halihusu alginati. Muulize maji ameyatoa wapi.

Nazungumzia dawa za kumeza zinazotengenezwa ili ziachie kilichomo taratibu kwa saa 8, 12 au 24, mgonjwa apunguze idadi ya vidonge kwa siku na kiwango cha dawa kwenye damu kisipande na kushuka ovyo. Kazi ya kuizuia dawa isitoke yote kwa pamoja huachiwa polima, yaani molekuli za minyororo mirefu, na polima asilia ziko nyingi: alginati ya mwani wa kahawia, karajinani ya mwani mwekundu, kitosani ya maganda ya kamba na kaa, pektini ya matunda, gamu ya guari, gamu ya zanthani, hata ute wa kokwa za ukwaju. Zina sifa nzuri, ila kila moja ina tabia zake. Nyingi hubadilika zikikutana na chumvi au asidi. Ndiyo maana mimi hufuata mpangilio huu ninapotafuta chanzo cha tatizo: maji kwanza, kisha polima yenyewe ni ipi hasa, kisha namna ya kupima, na fomula mwisho kabisa. Wengi huanza na fomula, wakabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, na hata mambo yakitengemaa hawajui kilichosaidia ni kipi.

Dalili: myeyuko wa alginati una nyuzi na madonge kabla hujauonjesha kalsiamu

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo kwa kemia ni kalsiamu kaboneti. Maji ya kisima yanayopenya humo huondoka na kalsiamu, na karibu na bahari hupata na chumvi juu yake. Ndiyo maana sabuni inagoma kutoa povu na sufuria ya kuchemshia inashika ukoko mweupe. Sasa alginati huganda inapokutana na kalsiamu, na ndivyo shanga zinavyotengenezwa: matone ya alginati yenye dawa hudondoshwa kwenye beseni la kalsiamu kloraidi. Ukiikoroga kwa maji ya kisima, umeshaanza kuigandisha kabla ya wakati, tena kwa vipande vipande: huku imeganda, huku bado ni majimaji. Ukiivuta kwenye sirinji, sindano inaziba.

Maji ya bomba nayo si ya kuaminiwa kwa kazi hii. Mji huu hulishwa na vyanzo mbalimbali, Mzima, Marere, Baricho na visima vya Tiwi, na mtungi wa lita 20 ulioletwa na mkokoteni hauna cheti cha kuzaliwa. Leo yanafaa, kesho yanakuharibia kazi.

Jaribio ni rahisi. Pima alginati sawasawa mara mbili, gramu 1 na gramu 1. Moja iyeyushe kwa mililita 50 za maji yaliyokenekwa, nyingine kwa mililita 50 za maji unayoyashuku. Ziache usiku kucha zikiwa zimefunikwa, kisha asubuhi ziinamishe zote mbili pembeni ya dirisha. Ile nzuri hutiririka kwa mkondo mmoja laini. Mbovu hukatika, na ndani yake utaona vitu kama kamasi vikielea. Ikiwa hata ile ya maji yaliyokenekwa ina madonge, maji hayana hatia: ulimwaga unga wote mara moja, ukafanya kama mtu anayetia unga wa uji kwenye maji ya moto, nje ukaiva na ndani ukabaki mkavu. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka kwa kasi, au ulowanishe unga kwanza kwa gliserini kidogo, halafu uupe muda. Kuongeza moto ili kuharakisha ni njia mbaya, kwani joto la muda mrefu hukata minyororo ya alginati na mnato hushuka bila kurudi.

Wapo wanaotumia maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Kwa kujizoeza mkono si vibaya. Kwa matokeo utakayoyaandika kwenye ripoti, hapana, maana hujui yamesafishwa kwa kiwango gani. Na soma lebo mara mbili: asidi ya betri mara nyingi hupangwa rafu ileile.

Dalili: umefuata maelekezo yote, na bado haigandi

Hapa pana kisa kinachojirudia pwani yetu. Mtu anasoma kwamba alginati hutoka kwenye mwani, anakumbuka kwamba kina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanalima mwani, anapata gunia, anachemsha, anachuja, anadondosha kwenye kalsiamu kloraidi. Anapata uji mlegevu, au jeli asiyoielewa. Mwani unaolimwa Kwale, kama ule wa Unguja, ni mwekundu, na mwani mwekundu hautoi alginati. Ule unaoitwa spinosamu hutoa karajinani ya aina ya iota, ambayo kwa kalsiamu hufanya jeli laini inayonyumbuka. Kotonii hutoa aina ya kapa, na hiyo hupenda zaidi potasiamu: itie kwenye potasiamu kloraidi uone inavyokaza, ngumu hadi ya kuvunjika. Alginati iko kwenye mwani wa kahawia, kama saragasamu inayotupwa ufuoni na mawimbi. Kwa hiyo mwani wa Kibuyuni si mbaya hata kidogo. Umepewa kazi ya mwenzake tu, na mimi ningefurahi kuona miradi mingi zaidi ya karajinani kutoka vyuo vyetu, kwa kuwa malighafi iko hapo ng'ambo ya Likoni.

Pektini ina mtego unaofanana. Ile ya kutengenezea jamu mara nyingi ni yenye methoksi nyingi, na hiyo huganda kwa sukari nyingi pamoja na asidi. Ya kuganda kwa kalsiamu ni yenye methoksi chache. Ukinunua bila kuuliza utalaumu kalsiamu bure.

Kitosani nayo huyeyuka kwenye asidi tu, chini ya pH 6.5 hivi, asidi ya asetiki ya asilimia 1 inatosha. Kama uliitengeneza mwenyewe kwa maganda ya kamba na inabaki chini ya chupa kama makapi, basi ama madini ya ganda hayakutolewa yote kwa asidi ya hidrokloriki, ama hatua ya magadi makali haikufika mbali, na ulichonacho bado ni kitini, yaani kile cha kwenye ganda ambacho hakijageuzwa kuwa kitosani.

Dalili: shanga zina mikia au zimekuwa bapa

Hili dogo. Mkia maana yake myeyuko una mnato mwingi mno au sindano iko karibu mno na beseni. Ubapa ni kinyume chake: myeyuko mwepesi, au tone linaanguka kutoka juu sana likapasuka usoni pa maji. Alginati ya asilimia 2 hadi 3 na umbali wa sentimita 5 hadi 10 hukufikisha karibu na lengo, halafu rekebisha kwa jicho. Shanga ikiwa si duara kamili, dawa haitajali sana. Msimamizi wako ndiye atakayejali.

Dalili: ulitia dawa nyingi, ndani ya shanga imebaki kiduchu

Hili ndilo tatizo ambalo wanafunzi hupoteza nalo muhula mzima, na kumbe hesabu yake unaweza kuifanya hata kabla ya kuvaa koti la maabara.

Chukua metformini, dawa ya kisukari. Huyeyuka kwenye maji kwa wepesi ajabu. Umeiyeyusha kwenye mililita 50 za alginati, ukaidondosha kwenye mililita 200 za kalsiamu kloraidi. Ukuta wa alginati iliyoganda ni wavu wenye matundu makubwa kwa molekuli ndogo kama hiyo, haumzuii mtu. Ukiziacha shanga humo usiku kucha, dawa itajigawa sawasawa kwenye maji yote yaliyopo, ya ndani na ya nje. Maji ya ndani ni 50, jumla ni 250. Kwa hiyo kitakachobaki ndani ni kama 50 gawanya kwa 250, yaani asilimia 20, na huenda pungufu kwa sababu shanga husinyaa na kukamua maji. Hakuna uhodari wa kukoroga utakaoshinda hesabu hiyo.

Basi cheza na hesabu yenyewe. Punguza beseni: mililita 100 badala ya 200 hukupandisha hadi theluthi moja. Punguza muda: dakika 10 hadi 15 zinatosha kuikaza shanga ndogo, na usiku kucha ni mazoea tu yaliyorithiwa kutoka ripoti moja hadi nyingine. Unaweza pia kutia dawa ileile kwenye beseni hadi ishibe, ili ya ndani isiwe na sababu ya kutoka, ingawa kwa dawa inayoyeyuka kama metformini utamaliza bajeti kabla maji hayajashiba. Kutia kitosani kidogo kwenye beseni husaidia: chaji yake chanya hushikana na chaji hasi ya alginati na kufunga utando juu ya shanga. Na usisahau maji ya kusuuzia. Wengi hupima dawa iliyotorokea kwenye beseni, wakasahau iliyoondoka kwenye kusuuza mara mbili, kisha ripoti inasema asilimia 70 imenaswa ilhali ukizisaga shanga zenyewe unapata 45. Pima vyote viwili, kilichotoroka na kilichobaki, ujumlishe. Jumla isipokaribia 100, kuna mahali dawa imepotea nawe hujaona.

Maoni yangu bila kuficha: kwa metformini na ndugu zake wanaoyeyuka hivyo, shanga za alginati ni njia ya kujitesa. Shanga zinafaa dawa isiyopenda maji, kama diklofenaki iliyo kwenye hali ya asidi au ibuprofeni, kwani hiyo hukaa ndani ikiwa chembe ngumu na haitoroki. Metformini ipeleke kwenye kidonge cha kushindiliwa. Na huko nako piga hesabu mapema: miligramu 500 za dawa zikiwa asilimia 70 ya kidonge, kidonge kizima ni kama miligramu 714. Ongeza gamu mpaka dawa iwe nusu, na umefika gramu nzima. Mgonjwa ataitazama hiyo tembe mara mbili kabla ya kuimeza.

Dalili: kwenye asidi shanga zinakaa vizuri saa 2, zikiingia kwenye bafa ya fosfeti (myeyuko unaoshikilia pH isibadilike) zinatoweka

Usiogope. Shanga zinafanya zilivyoumbwa. Kwenye asidi ya tumbo alginati hugeuka asidi ya alginiki isiyoyeyuka, inasinyaa na kufunga. Lakini asidi hiyohiyo imeshaondoa sehemu ya kalsiamu. Ukihamisha shanga kwenye pH 6.8, sodiamu inachukua nafasi iliyo wazi, na fosfeti inainyakua kalsiamu iliyobaki. Wakati mwingine utaona maji yenyewe yakigeuka meupe kidogo: hiyo ni kalsiamu fosfeti inayotuama.

Ili kujua kama mkosaji ni pH au ni fosfeti, rudia jaribio kwa bafa ya trisi ya pH ileile. Shanga zikidumu zaidi humo, fosfeti ilikuwa inakuzidishia kasi, na utumbo wa binadamu hauna fosfeti nyingi kama bika lako. Andika hivyo kwenye mjadala wa matokeo. Kama zinatoweka kwenye bafa zote mbili, paka utando wa kitosani, au tumia alginati yenye guluroneti nyingi (moja ya sehemu mbili zinazounda mnyororo wake), ambayo jeli yake ni ngumu zaidi.

Kinyume cha dalili hii ni pale dawa inapotoka kwa kishindo dakika 30 za kwanza. Mara nyingi hiyo ni dawa iliyokauka usoni pa shanga. Wakati wa kukausha kwenye oveni, maji hutoka ndani kwenda nje na kubeba dawa. Maji yanaruka, dawa inabaki juu. Kausha taratibu, joto la chini, na suuza haraka kabla ya kukausha. Suuza ndefu itakurudisha kwenye hesabu ya 50 na 250.

Dalili: kidonge kinapasuka kwenye kikapu cha mashine ya kupimia uyeyukaji

Kidonge cha gamu hufanya kazi kwa kuvimba: maji yanalowesha uso, gamu inageuka ute, ute unakuwa ukuta. Ukuta usipowahi kujengeka, maji yanafika moyoni na kidonge kinafunguka. Sababu ya kwanza ni gamu chache. Chini ya asilimia 20 unacheza kamari, na mimi huanzia 30. Ya pili ni chembe kubwa, kwa sababu gamu ya chengachenga huvimba kwa uvivu na kuacha mianya katikati. Ipitishe kwenye chekecho laini kabla ya kubadilisha kingine chochote.

Ukiona kidonge cha alginati kinachanika kwenye asidi lakini kinatulia kwenye pH 6.8, unajua tayari kwa nini: kwenye asidi ute haujengeki, panatokea ganda gumu linalopasuka. Changanya na gamu ya guari, ambayo haina chaji na haijali pH. Zanthani nayo ni nzuri sana, ila uvimbaji wake hupungua kadiri chumvi inavyoongezeka, kwa hiyo matokeo yake kwenye maji matupu yasikudanganye. Angalia pia kijazio. Laktosi huyeyuka na kuacha matundu, wakati kalsiamu fosfeti huyeyuka kidogo kwenye asidi na kuachia kalsiamu inayokwenda kuikaza alginati. Watu hubadilisha kijazio wakidhani ni kitu cha kujazia tu, kisha wanashangaa saa 12 zimekuwa 6.

Kidonge kinachovua kofia, yaani kipande chake cha juu kinabanduka, kikitoka tu kwenye mashine ya kushindilia, kabla ya maji yoyote, ni habari ya hewa iliyonaswa au unga uliokauka kupita kiasi. Shindilia polepole.

Dalili: namba hazikubaliani na macho

Kidonge kimeisha kabisa, kasia linazunguka ndani ya maji matupu, lakini grafu ya dawa iliyotoka imesimama kwenye asilimia 78. Au kidonge kipo nusu, na grafu inasema 104.

Anza na mashine kabla ya dawa. Chombo cha mililita 900 kwenye nyuzi joto 37 kikiachwa wazi siku nzima hupoteza maji. Ukipoteza mililita 45, kila kipimo kimepanda kwa asilimia 5 hivi. Funika. Ukichota mililita 5 na kurudisha maji mapya, kila mara umetoa sehemu ya dawa, na bila marekebisho mwisho wa siku utakuwa pungufu kwa asilimia kadhaa. Chembe za gamu zinazoelea hutawanya mwanga na spektrofotomita, mashine inayopima dawa kwa mwanga, inazihesabu kama dawa: chuja, na upime kidonge kisicho na dawa kwa njia ileile ili ujue gamu peke yake inasoma ngapi. Viputo vya hewa vikigandamana kwenye shanga huzipandisha juu, nazo zinaelea badala ya kuzama. Ondoa hewa kwenye maji mapema.

Yote hayo yakiwa safi na bado umekwama kwenye 78, fikiria mshikamano. Dawa yenye chaji chanya, propranololi kwa mfano, huungana na alginati au karajinani zenye chaji hasi na haitoki kwa hiari. Ongeza chumvi ya kawaida kwenye bafa, uone kama grafu inasogea. Ikisogea, umempata.

Kuhusu hesabu za modeli, yaani milinganyo ya kueleza namna dawa inavyotoka, nitasema moja tu. Mlinganyo wa Higuchi wa mwaka 1961 unakwenda na kipeuo cha pili cha muda, na ule wa Korsmeyer na Peppas unatakiwa uwekewe data ya asilimia 60 za mwanzo pekee. Kuuwekea grafu nzima hadi 100, kisha ukatangaza namna dawa inavyotoka kwa sababu mstari umenyooka, ni ramli.

Dalili: kundi la Januari lilikuwa zuri, la Mei halifai

Mei ni masika, na unga wako umekunywa hewa. Alginati inaruhusiwa kuwa na unyevu hadi asilimia 15. Ukipima gramu 2 za unga wa namna hiyo, polima halisi ni gramu 1.7. Pima unyevu kabla ya kila kundi na urekebishe uzito. Kama mfuko ni mpya, pima mnato pia, kwa sindano ileile na joto lilelile, kwani mwani wa kusi na wa kaskazi si mmoja, na muuzaji hatakuambia.

Myeyuko uliokuwa mzito Ijumaa ukawa maji Jumatatu umeliwa. Polima asilia ni chakula, na vijidudu wa pwani hawana mchezo. Harufu ya uchachu, au vidoa vya kuvu kwenye kidonge, ni dalili ya kutupa, na hakuna kuokoa. Kwa kidonge cha kumeza, kikomo cha kawaida ni bakteria 1,000 na kuvu 100 kwa gramu, na *E. coli* asionekane kabisa. Mpaka vipimo hivyo na vingine vipite, na Bodi ya Famasia na Sumu itoe kibali cha majaribio, kidonge cha maabara hakiingii mdomoni mwa mtu, hata cha kuonja.

Kwa uhifadhi, katika kanda za hali ya hewa zinazotumika kujaribu uimara wa dawa, ukanda wa IVa hujaribiwa kwa nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 65, IVb kwa 30 na 75. Kwa vidonge vya gamu vitakavyokaa kwenye duka la dawa la Mwembe Tayari, mimi huchagua 75 bila kusita. Kabati maalumu la unyevu ni ghali, lakini chumvi ya mezani iliyoloweshwa hadi ishibe, chembe zikionekana chini, hushikilia hewa ya ndani ya chombo kilichofungwa kwenye asilimia 75 hivi kwa joto hilo. Weka chumvi kwenye bakuli chini, vidonge kwenye wavu juu yake visiguse maji, funga kifuniko, tia kwenye inkubeta ya nyuzi 30. Vipime uzito kila wiki. Vikiongezeka uzito wiki ya kwanza kisha vikatulia, endelea na jaribio la uyeyukaji. Vikizidi kuongezeka wiki ya tatu, rudi kwenye vifungashio kabla hujaigusa fomula.